Maneno Yangu Yanatembea Bila Mimi

Mbalizi,
Agosti, upepo na vumbi.

Mdogo wangu Damari,

Ugonile, mwana wa mama? Kabla hujaendelea, niitikie kwa mdomo, hata kama uko peke yako chumbani. Sema ndaga. Umesema? Haya. Mama alitufundisha kwamba mtu hagombezwi kabla hajasalimiwa, nami leo nimekuja kukugombeza, kwa hiyo salamu nakupa kamili, usije ukasema baadaye nilikurukia kama jogoo.

Shemeji yangu Kalinga hajambo? Kile kikohozi kimemwachia au bado anakitunza kama urithi wa Wahehe? Mwambie mtani wake anamsalimia. Majirani zako hapo Mlandege wanakuja kukutazama, au wameshakuchoka? Sisi huku tupo. Viazi vimetoka vizuri, vikubwa kama ngumi ya mwanangu Ombeni. Mkewe, Faustina, bado anapika kande ngumu kama kokoto, nami bado ninazila na kumwambia ni ngumu, naye bado ananipakulia. Ndivyo tunavyopendana.

Sasa nisikilize. Habari zako ninazo zote. Mjukuu wangu Gloria, huyu anayefanya kazi hospitali huko kwenu Iringa, amenieleza, na usimnunie mtoto wa watu kwa kusema kweli. Amesema kidonda cha mguu wako wa kulia kimekula vidole viwili, daktari anataka kuvikata upesi kabla uozo haujapanda, nawe umejifunika shuka gubigubi ukasema hukatwi. Tena umekataa kwa sababu yangu. Unasema dada yako Atuganile ameshakufa na sisi tunakuficha. Au kama hajafa basi amechukuliwa msukule, na ile karatasi waliyokusomea pale hospitali ni sauti yake inayotumikishwa, na wewe hulali kwenye kitanda cha watu wa namna hiyo. Ombeni alikupigia simu niseme nawe. Ulisikia sauti yangu, ukakata, ukamwambia Kalinga hiyo nayo ni mashine.

Ndiyo maana naandika. Mwandiko wangu unaujua, kama kuku aliyekanyaga majivu. Niliishia darasa la nne na sikumlilia mtu. Usiichane karatasi hii. Isome mpaka chini, halafu ndipo ukatae, kama utakuwa bado na nguvu za kukataa.

Marehemu mume wangu Anania unakumbuka alivyokwenda. Alikuwa na sukari hii hii yako na yangu. Zahanati walimpa karatasi ya mafunzo, eti asome ajitunze. Nilijaribu kuisoma mimi kwa kidole. Ilisema mgonjwa anashauriwa kuzingatia ukaguzi endelevu wa miguu ili kubaini mapema majeraha yasiyoambatana na maumivu. Nikamwuliza Anania hapo wamesemaje. Akasema daktari anamsalimia daktari mwenzake. Akaikunja, akaiweka chini ya godoro, na kidonda akakiweka chini ya blanketi, mpaka chumba kizima kikajua. Alikataa kukatwa. Alisema atazikwa mzima. Alizikwa mzima.

Mwaka jana Gloria alikuja likizo akaikuta karatasi kama ile, Faustina amefunikia kopo la chumvi. Akanisomea, akaniuliza nimeelewa nini. Nikamjibu alivyojibu babu yake. Akacheka, halafu akajifuta macho kwa kanga. Akaniambia kazi aliyopewa hospitali ni hiyo hiyo, kuzifanya karatasi za wagonjwa zisomeke na mtu wa kawaida, na wanasaidiwa na kitu kilichomo kwenye kompyuta wanachokiita akili mnemba. Unakipa maneno magumu, kinakurudishia laini. Mimi nakiita mashine, hayo majina yao watamaliza wenyewe. Lakini alisema ulaini wake ulikuwa kama uji wa mgonjwa usio na chumvi. Mashine inaandika, ndugu mpendwa tunakusihi. Mtu wa kwetu akisihiwa anajua anadanganywa. Gloria alitaka karatasi iseme kama mtu ambaye hakuna anayethubutu kumpuuza. Alipomtafuta mtu huyo kichwani, akaniona mimi.

Basi akaiweka simu yake pale kwenye kibao cha jikoni irekodi, akaniomba nimweleze sukari kama ninavyomgombeza jirani. Damari, unanijua. Nilimenya viazi huku nagombeza, nilichambua maharage huku nagombeza. Niligombeza wanaokunywa chai nyeusi kwa sukari, wanaokwenda shambani pekupeku, wanaoota moto na kusogeza miguu makaani mpaka nyama inanuka na wao hawasikii. Mjukuu anarudi kesho yake, nami naendelea. Nilifurahi, sikufichi. Tangu Anania aondoke hakuna aliyekaa kunisikiliza hivyo bila kutazama mlango.

Akarudi Iringa, akailisha mashine sauti yangu, na baada ya muda akaniletea karatasi. Herufi kubwa, na picha ya unyayo. Akaniapia kwamba daktari ameisoma mstari kwa mstari kabla haijatoka, na kwamba kuna mahali mashine ilirahisisha mno ikaruka onyo la dawa, daktari akalirudisha. Nikaisoma mwenyewe, sikuita mtu. Ilianza hivi: Wewe. Ndiyo, wewe unayetafuta karatasi ya kufungia maandazi. Vua viatu. Tazama nyayo zako kama unavyotazama mchele kabla hujaupika. Mguu wa mwenye sukari hauna mdomo, ukiungua haukuiti.

Nikacheka sana. Halafu nikamwuliza Gloria, hayo ya mguu usio na mdomo niliyasema lini? Akasema ya mchele ni yangu, ila hayo ya mdomo mashine imeyatoa yenyewe. Kicheko kikanikwama. Maana yalikuwa yangu, Damari. Ningeyafikiria, ningeyasema vile vile, kwa mpangilio ule ule. Ni kama kukuta mtu amevaa gauni lako la kanisani, nalo limemkaa kuliko linavyokukaa wewe.

Zikasambaa. Zilianzia huko Iringa, zikapelekwa Tosamaganga, zikafika mpaka huku kwetu. Siku ya kliniki ya sukari nimekaa kwenye benchi na wenzangu, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, nesi akatoka na karatasi. Msichana mwembamba, kucha ndefu, hata salamu yake huwa ya kuombwa. Akafungua mdomo, nikatoka mimi. Akatugombeza kwa maneno yangu, akanyamaza pale ninaponyamaza mimi. Wazee wakacheka pale ninapotaka watu wacheke, wakavua viatu bila kubisha. Mimi nipo hapo hapo kwenye benchi na hakuna aliyenitazama. Nikamgeukia mama wa pembeni nimwambie, unayasikia hayo, hayo ni ya kwangu. Kabla sijamaliza, akanijibu kwa mstari unaofuata wa ile karatasi. Alikuwa ameshaushika kwa moyo. Akanishauri na mimi nivue viatu, bibi usiwe mkaidi.

Nikaanza kujisikia kila mahali. Unalikumbuka duka la Girish, yule Mhindi aliyerithi duka la baba yake, asiyependa maneno mengi? Nilimkuta anamnyima mzee mmoja sukari ya pili, anamwambia mwili wako siyo debe la kuazima. Hiyo ni ya kwangu. Watoto wanarusha mpira barabarani, mmoja kaangukia jiwe, mwenzake anamwambia mguu hauna mdomo. Hiyo siyo ya kwangu, lakini ni ya kwangu. Kanisani mwinjilisti kaitumia kwenye mahubiri. Nilikuwa nasikia maneno yananijia kutoka mbele, najigeuza, yananijia kutoka nyuma.

Kisha ikaja siku ya dukani. Nimesimama nangoja chumvi, wapo wanawake wawili wametokea upande wa Songwe, wanazungumza habari ya karatasi. Mmoja anamwambia mwenzake kwamba ile ni sauti ya bibi mmoja aliyekufa kwa sukari, kwamba alikufa amekasirika, roho yake haitulii, inapita kliniki kwa kliniki inagombeza watu. Mwenzake akauliza alikuwa wa wapi. Akaambiwa wa hapa hapa Mbalizi, mkali huyo, mumewe alioza mguu. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, wewe mama, huyo bibi hajafa, ni mimi. Alinitazama kuanzia kilemba mpaka kandambili. Akaniambia kwa upole, kama mtu anayemwongoza kipofu, hapana bibi, yule alishakufa, hata wewe unaongea kama yeye tu, wengi siku hizi wanaongea kama yeye. Mwe! Nikamtazama Girish aniokoe. Girish akainama akapima chumvi.

Nilirudi nyumbani nahesabu mambo. Wewe na mimi tumekulia Rungwe, tunajua msukule ni nini. Mtu anachukuliwa, ndugu wanalia, wanazika, na walichozika ni mgomba. Mtu mwenyewe yuko mahali analima shamba la mwingine, hachoki, hali, haulizi. Nikasema sasa mimi je? Maneno yangu yako Iringa, yako Songwe, yanafanya kazi usiku na mchana, hayaumwi, hayazeeki. Na kilichobaki hapa Mbalizi kinachokula kande za Faustina ni nini? Nikajitazama mikono. Nikasema Atuganile, mgomba ni wewe.

Usinicheke. Najua unacheka, nawe ndiye uliyesema maneno hayo hayo huko Mlandege.

Nilifanya mambo mawili ya kijinga. La kwanza, nilizikusanya karatasi. Zahanati niliomba nikasema ni za majirani, Girish alinipa furushi zima alilowekewa dukani agawe, nikazitia jikoni nikaziwasha. Zikaungua vizuri, zikitoa moshi mweupe. Kesho yake nikamsikia Faustina anamwambia jirani kule uani, kwa maneno yangu, aache kuota moto pekupeku. Karatasi zinaungua, vinywa haviungui.

La pili ndilo baya. Nilinyamaza. Nilisema kama kila nikisemacho kinachukuliwa, basi sisemi tena, wasipate kingine. Nilifunga mdomo kuanzia Pasaka. Faustina akiniuliza nile nini, natikisa kichwa. Ombeni akadhani nimepooza ulimi, akataka kunipeleka hospitali, nikamtoa kwa jicho. Wewe ulipiga simu, ukapiga tena, ukapiga tena. Niliiona inalia juu ya meza kama mtoto mchanga, sikuipokea. Ombeni alikudanganya kwamba nimelala, na wewe hukuwa mjinga, ulijua Atuganile halali mchana. Hapo ndipo uliponizika. Kwa hilo nakupa haki yako, uliongozwa na nilichokifanya mimi.

Na ukimya siyo mtamu kama wanavyosema. Nilikaa jikoni na jiko la mkaa, baridi ya mwezi wa tano imefunga milima, mimi na shuka langu na miguu yangu karibu na makaa. Nilikuwa najisikiliza ndani, kama kuna neno limebaki. Wakati mwingine neno lilikuja, na kabla sijalishika nikaona kama nimeshalisikia kwa mtu.

Siku moja ya alasiri Faustina alitoka kliniki na karatasi mpya. Ilikuwa ya watu wanaouguza, namna ya kukaa na mwenye kidonda. Akakaa kwenye kigoda mbele yangu, ungo wa maharage mapajani, akaanza kusoma kwa sauti kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno. Alisoma taratibu, anachagua harage moja, anasoma mstari mmoja. Akafika mahali. Damari, ngoja nikuandikie kama lilivyokuwa. Ilisema: Akikuficha mguu, mwambie nipe mguu wako, mimi siyo mgeni wa harufu yako.

Nikainua kichwa.

Maneno hayo niliyasema mara moja maishani. Nilimwambia Anania, mlango umefungwa, amelishika blanketi kwa mikono yote miwili kama mtoto anayeficha embe la wizi. Hakuwepo Ombeni, hakuwepo Faustina, hukuwepo wewe. Sikuyasema msibani, sikuyaungama kwa mchungaji. Aliyeyasikia yuko kaburini, na aliyeyasema alikuwa amefunga mdomo. Hata kwenye simu ya Gloria sikuyasema. Baadaye nilimbana mtoto yule mpaka akalia. Alikaa akasikiliza yote aliyorekodi toka mwanzo, maganda ya viazi na yote, akarudi akaniambia hayamo, bibi. Nikamwuliza basi yametoka wapi. Akasema mashine inatazama jinsi mtu anavyosema, halafu inakisia atakachosema. Nikamwambia basi imekisia mpaka chumbani kwangu. Akasema hata daktari wake hajui. Ila daktari alisema mstari ule ni mzuri na ubaki.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile Faustina aliusoma mstari. Akaurudia, polepole, ila safari hii hakuwa anatazama karatasi. Alikuwa ananitazama mimi. Pua yake ilikuwa imetanuka. Akaweka ungo chini, maharage yakamwagika, hakuyaokota. Akaniambia, mama, nipe mguu wako.

Sasa nakwambia jambo ambalo nimewaapisha Gloria na Ombeni wasikuambie.

Yale makaa ya mwezi wa tano yaliniunguza, Damari. Mguu wa kushoto. Sikusikia. Mimi, mwenye maneno hayo, niliyewagombeza wengine mpaka Songwe, nilisogeza mguu kwenye makaa kwa sababu ya baridi, nikaja kuona soksi imegandia. Na kwa kuwa nilikuwa nimenyamaza, nilinyamaza na hilo. Nilifunga tambaa. Nilijifunika shuka kama Anania, kama wewe ulivyojifunika sasa. Nilijua ninachokifanya, usiniulize kwa nini. Niliona aibu, na nilisema moyoni, kama mimi ni mgomba basi mgomba hauna uchungu.

Faustina alipolivuta lile shuka hakupiga kelele. Aliuweka mguu mapajani mwake pale ungo ulipokuwa, akaniambia nimechelewa, na ndipo mdomo wangu ukafunguka. Unajua neno la kwanza lilikuwa nini baada ya kimya chote kile? Nilimwambia ananiumiza. Alikuwa haniumizi. Sikuwa nasikia kitu.

Walinipeleka hospitali kubwa mjini Mbeya. Daktari alisema ningekuja mapema wangechukua vidole. Wamechukua mguu, Damari. Umebaki ule wa kulia, na wa kushoto unaishia chini ya goti. Ninatembea kwa magongo kama panzi. Usiku ninasikia vidole vya kushoto vinawasha, na siku za mwanzo nilikuwa nainama kuvikuna. Sasa nimezoea kuwa navyo mahali ambapo havipo.

Umeelewa sasa kwa nini nakugombeza? Anania hakutoa kitu, akatoa vyote. Mimi nilitoa kwa kuchelewa, nikatoa mguu. Wewe unaombwa vidole viwili. Viwili! Vidole vyenyewe vibaya tangu utoto, mama alikuwa anasema vimelala vibaya tumboni. Unavilinda vya nini?

Najua utakachosema. Utasema barua hii nayo imeandikwa na mashine. Gloria kweli alitaka aiandike yeye na mashine yake, eti itakuwa laini zaidi, nikamfukuza jikoni. Lakini siwezi kukuthibitishia kwa karatasi. Nikikuandikia siri yetu ya utoto, utasema imekisia, na nitakosa la kujibu, maana na mimi nimeona inavyokisia. Maneno yote yaliyomo humu inaweza kuyasema. Labda imeshayasema mahali, kwa mtu mwingine, vizuri kuliko mimi. Sijui tena yaliyo yangu na yasiyo yangu, na nimeacha kuyagombania. Yanatibu watu, acha yaende.

Ila kuna kitu kimoja mashine haina. Haina kigutu. Ijumaa Ombeni ananipandisha basi, tunakuja Iringa. Nitakaa kwenye kitanda chako hapo Mlandege, nitafungua kitambaa, na wewe utaweka kiganja chako pale mguu ulipoishia. Hapaangaliki, nakwambia mapema, bado pana wekundu na pana joto. Utapapasa mpaka uamini. Halafu utanipa mguu wako, nitautazama, na Jumatatu tutakwenda wote kwa daktari, wewe na vidole vyako vibovu na mimi na magongo yangu, watu watutazame washibe.

Msalimie Kalinga, mwambie aniwekee ulanzi mtamu wa mianzi, ule ambao haujachacha, na asinipe sukari kwenye chai hata nikimwomba. Wasalimie majirani wote wanaokuletea uji. Faustina anakusalimia, na Ombeni, na Gloria ambaye bado anakuogopa. Mungu akulaze salama mpaka tuonane.

Na neno la mwisho, ulishike. Akitangulia mtu mlangoni kwako kabla ya Ijumaa, akabisha hodi kwa sauti yangu, akakugombeza kama ninavyokugombeza mimi, akakuita mwana wa mama, usikimbilie kufungua. Chungulia kwanza chini ya mlango. Ukiona miguu miwili, siyo mimi.

Dada yako mmoja wa tumbo moja,
Atuganile